Ukumbi wa Dereva: Kilango cha Moshi na Swichi ya Petroli

Liko jambo moja ambalo humshtua sana dereva wa gari la mbio lenye turbo. Anakwenda vizuri, barabara iko wazi mbele yake, anakanyaga mafuta ili alipite lori, gari linachomoka kama mshale. Mara, kabla hajamaliza kulipita, injini inakatika ghafula kana kwamba mtu amezima ufunguo. Kufumba na kufumbua inawaka tena, inakatika tena, na abiria wanatupwa mbele na nyuma. Dereva husema gari limeharibika. Fundi asiyejua husema pampu ya petroli imechoka. Kumbe mara nyingi pampu ni nzima kabisa, na kilichotokea ni kwamba gari limejizuia lenyewe lisijiue.

Mlinzi huyo aliyemo ndani ya gari hajulikani sana, hata kwa watu waliokaa na magari miaka mingi, kwa sababu akifanya kazi yake vema haonekani. Gari laweza kuendeshwa miaka kumi bila yeye kuamka hata mara moja. Anapoamka ndipo hutukanwa, na katika gereji nyingine hung'olewa. Yafaa habari zake zielezwe polepole, tangu mwanzo, kwani magari ya petroli yenye turbo, ambayo zamani yalikuwa ya matajiri wa Ulaya na Marekani, leo yamejaa katika barabara za Afrika Mashariki. Subaru na Toyota zilizokwisha kutumika Japani huteremshwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, na nyingi huishia mikononi mwa watumishi wa kawaida, askari wakiwamo.

Injini ya petroli hula vitu viwili, petroli na hewa. Kwa kila kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14 na zaidi za hewa, na hiyo hewa ndiyo yenye taabu. Petroli husukumwa kwa pampu, hivyo kuiongeza si kazi. Hewa huingia kwa uzito wa anga iliyo nje tu, pistoni inaposhuka na kuacha nafasi. Basi anayetaka nguvu zaidi hana budi ama kutengeneza injini kubwa, ama kutafuta njia ya kuishindilia hewa ndani ya injini ndogo. Njia hii ya pili ndiyo aliyoifikiria Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Aliona kwamba moshi wa injini hutoka na joto jingi na kasi nyingi, na vyote viwili hupotea bure. Akaona moshi huo uzungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo liunganishwe kwa mhimili mfupi na gurudumu la pili, ambalo kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuisukuma katika silinda. Hiyo ndiyo turbo, ambayo mafundi wa mitaani huiita tabo. Katika gari la mbio mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande wake wa moshi huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi.

Mfano wa mhunzi unafaa, lakini unafaa kwa nusu tu. Mhunzi ana kijana wa kuvuta mivukuto, na moto ukizidi humwambia kijana apumzike. Katika turbo, moto wenyewe ndio unaovuta mivukuto. Moshi ukiwa mwingi, gurudumu huzunguka kwa kasi. Gurudumu likizunguka kwa kasi, hewa huingia nyingi. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huongezwa, na moto huwa mkali. Moto ukiwa mkali, moshi huzidi kuwa mwingi. Mambo hayo hufuatana katika duara, na duara hilo halina mahali pake pa kusimama. Lisipozuiwa na kitu cha nje, shinikizo la hewa litapanda mpaka kitu fulani kipasuke.

Na ni kitu gani kitakachopasuka? Watu wengi hudhani ni turbo yenyewe, nayo kweli yaweza kuvunjika. Lakini mara nyingi kinachotangulia kufa ni pistoni. Aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata joto. Siku ya nyuzi 30, hewa iliyoshindiliwa na turbo ya kawaida ya gari la mbio huweza kutoka ikiwa na joto lipitalo nyuzi 100, hata kabla haijaingia katika silinda. Humo ndani hushindiliwa tena na pistoni. Inafika mahali mchanganyiko wa hewa na petroli haungoji tena moto wa plagi umfikie. Sehemu iliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kwa mara moja, na mlio wake husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Kugonga kidogo, gari likipanda mlima, si msiba. Lakini kugonga chini ya shinikizo kubwa la turbo ni jambo jingine: gasketi ya silinda hupasuka, ringi huvunjika mahali zinapokaa, na kichwa cha pistoni huyeyuka hata kikatoboka tundu. Yote hayo huweza kutokea katika muda mfupi mno.

Watengenezaji wa magari waliijua hatari hiyo tangu mwanzo, na kila mmoja alijaribu dawa yake. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa magari mawili ya abiria yenye turbo, na yalikuwa ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa watu wote. La kwanza, Chevrolet Corvair Monza Spyder, halikuwa na kizuizi chochote cha kutembea; wahandisi waliuachia ugumu wa njia ya moshi uizuie turbo isipite kiasi, kama mtu anayepunguza maji ya mfereji kwa kuuacha mwembamba. La pili, Oldsmobile Jetfire, lilikuwa na ufundi wa ajabu zaidi. Injini yake ilishindilia mchanganyiko mara 10.25, kiasi ambacho ni kikubwa hata kwa gari lisilo na turbo, na ili isigonge ilinyunyiziwa maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli. Maji hayo yaliuzwa kwa jina la Turbo-Rocket Fluid na mwenye gari alitakiwa kuyajaza katika tangi lake dogo, kama ajazavyo petroli. Wahandisi walijua kwamba watu husahau. Kwa hiyo waliweka kilango cha pili katika njia ya hewa: tangi likikauka, kilango hicho hujifunga na kuinyima turbo nafasi ya kushindilia. Gari liliendelea kwenda, ila nguvu zake hazikuonekana.

Na watu wakasahau kweli. Wengi waliendesha matangi yakiwa makavu, wakalalamika kwamba gari la turbo ni dhaifu, wala hawakujua kwamba udhaifu huo ndio uliokuwa unawaokoa. Gari hilo liliachwa kutengenezwa mwaka 1963, na turbo nyingi zikang'olewa na mahali pake pakawekwa kabureta ya kawaida. Hapana shaka ulinzi wa Jetfire ulikuwa mzuri kwa ufundi. Kasoro yake ilikuwa kutomweleza mwenye gari kinachotendeka.

Dawa iliyokuja kukubaliwa na wote ni kilango cha moshi. Katika ukuta wa bomba la moshi, kabla moshi haujafika kwenye gurudumu la turbo, huwekwa mlango mdogo uliofungwa kwa springi. Nyuma ya springi pana kiwambo cha mpira, na kijibomba chembamba huleta hewa iliyoshindiliwa mpaka kwenye kiwambo hicho. Shinikizo likifika kiasi kilichopangwa, hewa huishinda springi, mlango hufunguka, na sehemu ya moshi hupita pembeni moja kwa moja hadi kwenye ekzosi bila kuligusa gurudumu. Turbo hupunguza mwendo, shinikizo hushuka, mlango hujifunga tena. Hakuna umeme wala kompyuta. Hewa yenyewe ndiyo inayojizuia.

Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilijifunza kazi ya kilango hicho katika mashindano kabla ya kukiweka katika gari la kuuza. Katika gari lake la Porsche 917/30, ambalo Mark Donohue alilitumia kushinda mashindano ya Can-Am mwaka 1973, dereva alikuwa na kitasa cha kupandisha na kushusha shinikizo akiwa amekaa kitini. Akitaka kumpita mtu hupandisha. Akitaka injini imfikishe mwisho wa mashindano hushusha. Donohue alikuwa mhandisi aliyesoma, na alijua thamani ya kila alama katika kitasa kile. Porsche haikumpa mnunuzi wa kawaida kitasa kama hicho. Gari la Porsche 911 Turbo lilipoonyeshwa Paris mwaka 1974, likiwa na injini ya lita 3.0 na nguvu za farasi 260, shinikizo lake liliwekwa na springi kwenye bar 0.8, yaani kiasi cha pauni 12 kwa inchi ya mraba juu ya uzito wa hewa ya kawaida. Hata kushindilia kwa pistoni kulipunguzwa hadi mara 6.5, wakati 911 ya kawaida ya siku hizo ilishindilia zaidi ya hapo, ili pabaki nafasi ya kupokea hewa ya turbo bila kugonga. Gari la mwaka 1978, lenye lita 3.3, liliongezewa kipoza hewa chini ya bawa lake la nyuma, na nguvu zikafika farasi 300.

Sasa mama wa nyumbani anayepikia sufuria ya shinikizo atalielewa jambo linalofuata upesi kuliko mumewe. Juu ya kifuniko cha sufuria hiyo pana kijizito kidogo kinachochezacheza na kutoa mvuke. Hicho ndicho kilango cha moshi. Mvuke ukizidi, hukiinua kizito na kutoka. Lakini kando yake, katika kifuniko kile kile, pana kizibo kingine ambacho hakichezi wala hakitoi sauti, na mpishi aweza kukaa na sufuria maisha yake yote asijue kazi yake. Kizibo hicho kiliwekwa kwa ajili ya siku ambayo punje ya maharage itaziba tundu la kizito. Siku hiyo kitafyatuka chenyewe, mchuzi utaruka mpaka darini, lakini sufuria haitapasuka.

Gari nalo lina kizibo chake, maana kilango cha moshi huweza kushindwa kazi. Kijibomba kile chembamba kikichanika au kikichomoka, kiwambo hakipati habari kwamba shinikizo limepanda, na mlango haufunguki kamwe. Masizi na kutu huweza kuugandisha mlango. Kiwambo chenyewe huzeeka na kutoboka. Kwa ajili ya siku hiyo, Porsche iliweka katika njia ya hewa ya 911 Turbo swichi ndogo inayohisi shinikizo. Hewa ikipita kiasi, swichi hukata umeme wa pampu ya petroli. Petroli ikikosekana moto hakuna, moto usipokuwapo moshi wa kuzungusha gurudumu hakuna, na lile duara la hatari hukatika. Shinikizo likishuka swichi hujifunga, pampu huanza tena, na kama dereva bado amekanyaga mafuta mambo yote hurudia. Ndiyo sababu ya gari kukatika na kuwaka, kukatika na kuwaka.

Mtu huweza kuuliza kwa nini ukatili huo. Kwa nini petroli isipunguzwe kidogo tu, gari likapoa taratibu bila kuwatikisa watu? Jibu lake ni kinyume cha fikira za wengi. Petroli inayoingia katika silinda, mbali na kuwaka, hupoza pia. Ikipunguzwa wakati hewa ni nyingi, moto hauwi mdogo. Huwa mkali zaidi, na kugonga huja haraka. Kwa hiyo petroli ama itoshe, ama isiwepo kabisa. Katikati ya hayo mawili ndipo pistoni hutobokea. Nako kukata moto wa plagi na kuiacha petroli iingie si salama sana, kwani petroli isiyowaka hupita na kwenda kuwakia katika bomba la moshi lililo jekundu.

Hata hivyo haifai kuficha kwamba mlinzi huyu ana ila yake. Anailinda injini, hamlindi dereva. Injini ikikatika katikati ya kulipita lori, na basi linakuja mbele, usalama wa pistoni haumsaidii mtu. Watengenezaji waliliona hilo, na kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kutafuta namna ya kumfanya mlinzi huyo asilazimike kuamka.

Hatua kubwa ilitoka Sweden. Kampuni ya Saab ilikuwa imetoa gari lake la 99 Turbo mwaka 1977, likiwa na nguvu za farasi 145 kutoka injini ya lita 2, na mhandisi wake Per Gillbrand aliendelea kutafuta. Katika magari ya 900 Turbo ya mwaka 1982 Saab ilileta mtambo ulioitwa APC. Katika mwili wa injini kulifungwa kitu mfano wa sikio, kinachosikia mgongo wa kwanza kabisa ambao dereva hawezi kuusikia. Habari hiyo ilikwenda katika sanduku la umeme, nalo likatuma amri kwa vali ndogo iliyowekwa katika kile kijibomba cha kiwambo. Injini ikianza kugonga, shinikizo lilishushwa mara moja, kidogo kidogo, mpaka kugonga kukome. Kisha likapandishwa tena kwa uangalifu. Faida yake kwa mtu wa nchi zenye petroli isiyo ya namna moja ni kubwa: gari lilijipima lenyewe kwa petroli lililopewa siku hiyo.

Katika mashindano ya Formula 1 ulinzi wa shinikizo ulipata maana nyingine, ya sheria. Injini ndogo za lita 1.5 zilikuwa zimepandishwa shinikizo hata wakuu wa mchezo wakaogopa mwendo wa magari. Mwaka 1987 kila injini ya turbo ililazimishwa kufungwa vali ya kutoa hewa ikipita bar 4, na mwaka 1988 kiasi hicho kikashushwa hadi bar 2.5. Ilidhaniwa kwamba injini zisizo na turbo sasa zingeshinda. Lakini gari la McLaren lenye injini ya Honda ya turbo lilishinda mashindano 15 kati ya 16 ya mwaka huo. Mwaka 1989 turbo zikapigwa marufuku kabisa, zikarudi mwaka 2014.

Afrika Mashariki nayo iliziona turbo zikipimwa vikali. Katika Safari Rally ya Kenya, Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mara ya kwanza na ya tatu akiwa Björn Waldegård wa Sweden kwenye usukani, na ya pili Juha Kankkunen wa Ufini. Ushindi huo una jambo la kufikiriwa na kila dereva wa nyanda za juu. Hewa ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita, na ya Kampala nayo ni nyepesi ingawa si kwa kiasi hicho. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Yenye turbo hulipa upungufu, lakini hulipa kwa kuzunguka kasi zaidi. Turbo iliyochoka hufichika pwani na kuumbuka milimani.

Magari ya leo yameukabidhi ulinzi wote kwa kompyuta. Kihisi cha shinikizo kimo katika njia ya hewa, na kompyuta hukisoma mara nyingi kwa kila sekunde. Shinikizo likianza kupanda kupita mpango, kilango cha moshi hufunguliwa zaidi. Likizidi, kilango cha hewa kinachofuata mguu wa dereva hufungwa kiasi, hata kama mguu bado uko chini. Likizidi tena, petroli hukatwa. Mwisho taa ya injini huwaka katika dashibodi na gari huenda kwa nguvu ndogo tu, mpaka fundi aitafute sababu. Dereva aliyezoea magari ya zamani huona gari limekuwa zito ghafula na hulikanyaga zaidi, jambo ambalo halimfai kitu.

Pana mchezo wa maneno hapa unaowachanganya wanunuzi. Baadhi ya magari huuzwa kwa sifa kwamba yaweza kupita kiasi cha kawaida cha shinikizo kwa muda mfupi. Porsche 911 Turbo ya mwaka 2006, kwa mfano, iliweza kupandishwa kwa sekunde 10, ikiwa mnunuzi amelipia mtambo huo wa ziada. Kupita kiasi kwa namna hiyo kumepimwa na kiwanda, na kuna saa inayohesabu. Hakuna uhusiano na gari ambalo shinikizo lake hupanda kwa sababu mpira umechanika.

Kuhusu malori na magari ya kazi ya dizeli, ambayo wengi wa wasomaji huyaendesha kila siku, itoshe kusema kwamba dizeli haiogopi kugonga kwa namna ile ya petroli, ila kwayo pia shinikizo likipita kiasi gasketi na turbo huumia.

Achukuliwe sasa koplo mmoja, mwenye mke na watoto watatu, aliyeweka akiba miaka sita akanunua Subaru ya turbo iliyotoka Japani. Gari lilikuwa zuri, ila aliyekuwa nalo kabla yake alibadilisha ekzosi, akaweka pana ili mlio uwe mkubwa. Mwezi wa pili, akimpeleka mama yake hospitalini, gari likaanza kukatika kila lilipopanda mlima kwa nguvu. Fundi wa kwanza alilisikiliza, akacheka.

"Afande, hiyo ni kompyuta yenye woga," akasema. "Kipo kidude naweza kukifunga kwenye waya wa kihisi. Kompyuta haitaona kitu, na gari litakwenda kama ndege."

Kidude hicho kipo kweli, na huuzwa wazi. Kazi yake ni kusema uongo: shinikizo likipanda, chenyewe hupeleka kwa kompyuta kipimo kile kile cha chini. Gari halikatiki tena. Lakini sababu ya kupanda kwa shinikizo ingali pale pale, na katika magari ambayo kompyuta hukadiria petroli kwa kipimo hicho hicho, uongo huo huifanya itoe petroli pungufu wakati hewa ni nyingi, yaani hali ile ile ambayo wahandisi wa Porsche waliiogopa.

Koplo alirudi nyumbani kutafuta fedha za kidude. Mkewe, aliyekuwa mshika fedha, alitaka kwanza kujua ni cha nini, akaelezwa.

"Baba Neema," akasema, "mlinzi wa lango akipiga filimbi usiku, huko kambini mnamfunga mdomo au mnamtafuta mwizi?"

Fedha hazikutoka siku hiyo. Koplo akalipeleka gari kwa fundi wa pili, mzee asiye na kompyuta ya kupimia, mwenye taa ya mkononi tu. Mzee hakugusa waya hata mmoja. Alianza na ule mpira mwembamba uendao kwenye kiwambo, akaukunja kwa vidole, na chini yake, upande uliotazama injini, pakaonekana ufa wa urefu wa ukucha. Joto la turbo lilikuwa limeukausha. Kisha akaushika ufito wa kilango, akausukuma kwa koleo aone kama unatembea bila kukwama, ukatembea. Akaitazama ile ekzosi pana akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba moshi ukipata njia nyepesi mno nyuma, gurudumu huzunguka upesi kuliko kiwanda kilivyokadiria, na kilango kidogo huweza kushindwa kuutoa moshi wote hata kikifunguka kabisa. Akamshauri koplo atafute ekzosi ya kiwandani, kwa kuwa mpira mpya peke yake huenda usitoshe.

Ekzosi ya kiwandani ilipatikana baada ya wiki mbili, kuukuu lakini nzima, kwa kijana aliyekuwa ameing'oa katika gari lake ili aweke pana. Mpira mpya ulikuwa kipande kisichofika shubiri mbili, wa aina inayostahimili joto, umefungwa kwa vibanio ncha zote mbili. Mzee alifunga saa ya shinikizo ya muda, akamketisha koplo kwenye usukani, wakaupanda mlima ule ule mguu ukiwa chini. Sindano ilipanda, ikafika mahali pake, ikatetemeka kidogo, ikasimama. Walipofika juu mzee alimzuia koplo asizime injini; akamwambia aiache inguruma taratibu dakika mbili, oili iipoze turbo kwanza.